HD 107146 au HD 61005: diski ipi ya vumbi uanze nayo?

Anayeanza kuchunguza diski za vumbi zinazozunguka nyota kwa data za bure hukosea mapema sana: huchagua nyota kwa uzuri wa picha yake. Picha hizo zimechakatwa kwa miezi na watu waliobobea, na uzuri wake hausemi lolote kuhusu ugumu wa data zilizo nyuma yake. Cha kuangalia kwanza ni jinsi diski ilivyotuelekea. Inayotazamwa kwa juu, kama sinia lililowekwa sakafuni, huonyesha mapengo na kingo zake. Inayotazamwa kwa ubavu, kama sinia lililoinuliwa usawa wa macho, huonyesha unene na vumbi linalomwagika nje. Diski moja haikupi vyote viwili.

Tunalinganisha hasa nyota mbili changa za jamii ya Jua, HD 107146 na HD 61005. HD 181327 na Epsilon Eridani zimewekwa kando yao kwa sababu kila moja ina jambo moja inalozishinda hizo mbili. Msimamo wetu ni huu: kwa kazi ya kwanza chukua HD 107146, isipokuwa swali lako linahusu unene au vumbi linalopeperushwa. Hapo HD 61005 haina mpinzani.

Kwa nini vumbi hili ni vifusi

Nyota huzaliwa ikiwa imezungukwa na diski ya gesi na vumbi, na katika miaka milioni 10 hivi sehemu kubwa ya gesi hiyo huwa imekwisha. Hubaki miamba na mabonge ya barafu yanayogongana. Kugongana huko ndiko kunakozaa vumbi tunaloliona, kama vifusi vya nyumba inayobomolewa siku zote.

Tunajua si vumbi la kuzaliwa kwa sababu halina uwezo wa kudumu. Kando ya nyota kama Jua, chembe zilizo chini ya mikromita 1 hivi husukumwa nje na mwanga wa nyota yenyewe. Zilizo kubwa kidogo kuliko hizo hupoteza mwendo polepole na kuzunguka zikielekea ndani. Chembe iliyoponea chupuchupu kusukumwa nje, ikiwa mara 100 ya umbali wa Dunia hadi Jua, huchukua takriban miaka milioni 8 kuanguka kwenye nyota yake. HD 107146 ina umri wa miaka milioni 80 hadi 200. Bila migongano mipya, vumbi lake lingekwisha zamani.

Neno "kizio" katika makala hii ni umbali kati ya Dunia na Jua. Kifupi chake cha kimataifa ni "au", lakini kwa Kiswahili hicho kinavuruga sentensi, hivyo tumekiacha.

| | HD 107146 | HD 61005 | HD 181327 | Epsilon Eridani |
|---|---|---|---|---|
| Aina ya nyota (F ni moto zaidi, kisha G kama Jua, kisha K) | G2 | G8 | F5/F6 | K2 |
| Umbali (miaka ya nuru) | 90 | 119 | 156 | 10.5 |
| Umri (miaka milioni) | 80–200 | takriban 40 | takriban 20 | 400–800 |
| Mwinamo (0° ni kwa juu) | takriban 20° | takriban 85° | takriban 30° | takriban 34° |
| Ukanda (vizio) | 40–140 | karibu na 61 | karibu na 82 | karibu na 69 |
| Nusu kipenyo angani (sekunde za tao) | 5.1 kwenye ukingo wa nje | 1.7 | 1.7 | 21 |

Mstari wa mwisho hupatikana kwa kugawanya vizio kwa umbali wa nyota uliohesabiwa kwa parseki. Parseki 1 ni miaka ya nuru 3.26. Sekunde ya tao ni digrii 1 iliyogawanywa mara 3,600. Ufanye ugawanyo huu kabla ya kupakua chochote, maana ndio utakaokuambia kama darubini uliyoichagua inaweza kutenganisha unachokitafuta.

HD 107146: sinia sakafuni

Nyota hii iko katika kundinyota la Nywele za Berenike. Mwangaza wake ni magnitudo 7.0 (katika kipimo hiki namba kubwa ni nyota hafifu), kwa hiyo huonekana kwa darubini ndogo ya mikononi. Vumbi lake halionekani kwa darubini yoyote ya nyumbani, kwa kuwa mwanga wa nyota unalifunika kabisa. Mwaka 2004 darubini ya James Clerk Maxwell iliyoko Hawaii ilipima mionzi ya vumbi hilo katika mawimbi ya chini ya milimita, na mwaka huohuo darubini ya angani ya Hubble ikaipiga picha diski ikiwa imeziba mwanga wa nyota kwa kizibo cha ndani. Hiyo ilikuwa diski ya kwanza ya vifusi ya nyota ya aina ya Jua kupigwa picha kwa mwanga uliotawanywa na vumbi.

Utajiri wake ulionekana kupitia ALMA, mkusanyiko wa antena ulioko jangwa la Atacama nchini Chile. Matokeo ya 2015 yalionyesha dalili ya pengo ndani ya ukanda, na yale ya 2018 yakalichora wazi: ukanda unaanzia vizio 40 hadi 140, na katikati yake, karibu na vizio 75 hadi 80, kuna pengo lenye upana wa vizio 40 hivi. Pengo hilo si tupu, kwani mng'ao wake umepungua kwa nusu tu.

Hiyo nusu ndiyo inayofanya nyota hii iwe mwalimu mzuri. Kuna kanuni rahisi ya upana ambao sayari husafisha kila upande wa mzingo wake: 1.3 × umbali wa sayari × (uzito wa sayari ÷ uzito wa nyota) ikipandishwa kipeo cha 2/7. Weka sayari yenye uzito wa Neptune kwenye vizio 75, kando ya nyota yenye uzito wa Jua, utapata vizio 6 hivi kila upande, yaani pengo la vizio 12. Ili kufikia 40 unahitaji uzito wa takriban Jupiter 4. Lakini sayari nzito kiasi hicho ingefagia eneo lake likabaki tupu, isingeacha nusu ya vifusi. Ndiyo maana maelezo yanayojadiliwa ni pamoja na sayari iliyohama polepole, au sayari ndogo zaidi ya moja. Mwanafunzi anaweza kupitia hoja yote hii kwa kalamu na karatasi akiwa na picha moja ya ALMA mkononi, jambo ambalo ni nadra katika fani hii.

Faida ya pili ni ya kihesabu. Ukitaka kunyoosha diski iliyoinama, unagawanya umbali wa upande uliofupishwa kwa kosini ya mwinamo. Kwa 20° kosini ni 0.94, hivyo hata ukisahau kunyoosha, kosa ni asilimia 6. Kwa 85° ni 0.087, na kosa la pikseli 1 linakuwa pikseli zaidi ya 11. Isitoshe, unaweza kuchukua wastani wa duara zima. Ukingo wa nje wa HD 107146 una mzingo wa sekunde 32 angani. Kwa picha yenye uwezo wa kutenganisha nusu sekunde, hivyo ni vipimo 64 visivyotegemeana, na wastani wake hupunguza kelele mara 8. Pengo ambalo jicho halilioni vizuri kwenye picha linajitokeza kwenye grafu.

Matatizo yake ni matatu, na kila moja limewahi kuwapotezea watu muda.

Mbinu maarufu ya darubini za ardhini ni kuacha uwanja wa picha uzunguke, kisha kutoa mwanga wa nyota kwa kulinganisha picha na picha. Inategemea kwamba nyota haibadiliki huku kitu kilicho kando yake kikizunguka. Diski ya duara inayotazamwa kwa juu ikizungushwa hubaki ileile, kwa hiyo programu huiona kuwa sehemu ya nyota na kuifuta. Ukiitumia hapa utapata picha safi isiyo na kitu. Kwa diski kama hii hutumika nyota nyingine ya rejea, yenye rangi inayokaribiana sana na ya kwanza. Hata hivyo Hubble hupanuka na kusinyaa kidogo kwa joto katika kila mzunguko wake wa Dunia, na umakinifu wa picha zake hubadilika. Rejea iliyopigwa katika mzunguko wa mbali huacha miduara ya uongo.

La pili ni upande wa ALMA. Antena zikitawanywa mbali sana, hupata maelezo madogo lakini hupoteza mwanga uliosambaa. Diski yenye kipenyo cha sekunde 10 inaweza kupoteza sehemu kubwa ya mng'ao wake bila onyo lolote kwenye picha. Angalia kipimo cha umbo kubwa zaidi linaloweza kurejeshwa, kinachoandikwa pamoja na kila data kwenye hifadhi. Kikiwa chini ya sekunde 10, unganisha na data za mpangilio wa karibu au za antena ndogo za mita 7.

La tatu ni galaksi. Nyuma ya nyota, upande wa kusini-magharibi, iko galaksi iliyoonekana tangu picha za Hubble za 2004, na nyota inahama angani takriban sekunde 0.23 kila mwaka kuielekea. Katika miaka 20 hiyo ni zaidi ya sekunde 4.5. Doa ambalo lilikuwa nje ya diski mwaka 2004 limo ndani yake katika picha za karibuni. Atakayelinganisha picha za miaka tofauti bila kulifunika ataandika kwamba amegundua bonge la vumbi.

HD 61005: nondo

Si nondo za ujenzi, bali mdudu wa usiku anayeizunguka taa. Picha ya Hubble iliyotolewa mwaka 2007 ilionyesha vumbi likiwa limekunjwa upande mmoja kama mabawa mawili, na jina likaganda. Nyota iko katika kundinyota la Shetri, ni baridi kidogo kuliko Jua, na tunaitazama diski yake karibu kabisa kwa ubavu.

Chini ya mabawa hayo kuna ukanda halisi. Picha za kutoka Chile zilionyesha pete yenye nusu kipenyo cha vizio 61 hivi, na kitovu chake kimesogea takriban vizio 3 kutoka kwenye nyota. ALMA mwaka 2018 iliziona chembe kubwa zikiwa zimekusanyika kati ya vizio 42 na 67, zikizungukwa na utando mwepesi zaidi ulioenea nje. Mabawa yenyewe ni ya chembe ndogo, zile zinazosukumika kirahisi. Kuna maelezo ya aina mbili. La kwanza linasema nyota inapita katika gesi iliyo kati ya nyota, na upepo wa gesi hiyo unazikunja chembe ndogo nyuma. La pili linasema kuna sayari yenye mzingo uliorefuka inayoivuta pete isikae katikati, kisha chembe zinazotupwa nje huchora umbo la mabawa tukilitazama kutoka upande huu. Kitovu kilichosogea kinalipa la pili uzito fulani; sisi hatungelitupa la kwanza.

Kwa picha za mwanga uliotawanywa nondo huyu ni rahisi kuliko HD 107146. Ile mbinu ya kuzungusha uwanja wa picha, ambayo pale ilifuta kila kitu, hapa hufanya kazi kwa sababu mstari mwembamba ukizunguka hubadilika waziwazi. Darubini kubwa za Paranal nchini Chile zimeipata mara kadhaa. Mwangaza wa vumbi lake ukilinganishwa na wa nyota ni takriban 0.0025, mara 2 ya HD 107146. Kwa kulinganisha, ukanda wa Kuiper wa kwetu, ule wa miili ya barafu ng'ambo ya Neptune, unakadiriwa kuwa karibu 0.0000001.

Kinachokosewa zaidi ni unene. Nadharia inasema miili mikubwa iliyojificha hutikisa vumbi na kuinenepesha diski, kwa hiyo watu hupima unene kwenye picha ya Hubble na kutangaza uzito wa miili hiyo. Chembe ndogo, hata bila kutikiswa na chochote, hunenepeshwa na msukumo wa mwanga pamoja na kugongana kwao, hadi unene wa takriban asilimia 4 ya umbali wao kutoka kwenye nyota. Unene huo ni wa bure na haupimi kitu. Chembe za milimita hazisukumwi na mwanga, hivyo swali la unene liulizwe kwa ALMA. Ila asilimia 4 ya vizio 61 ni vizio 2.4, yaani sekunde 0.07 angani, na data isiyokaribia kiwango hicho itakupa kikomo cha juu tu.

Usitafute pengo hapa. Ukitazama kwa ubavu, vumbi la mbele, la nyuma na la pembeni hupangana kwenye mstari mmoja, na pengo kama la HD 107146 linaweza kuwepo usilione. Tena chembe ndogo hutawanya mwanga zaidi kuelekea mbele kuliko nyuma. Upande wa diski ulio karibu nasi huonekana mwangavu zaidi ingawa hauna vumbi zaidi, na anayegeuza mwangaza moja kwa moja kuwa wingi atapotea.

Hizo mbili nyingine

HD 181327 ichague kwa sababu moja: barafu. Mwaka 2025 vipimo vya darubini ya James Webb vilivyochapishwa katika jarida la Nature vilionyesha barafu ya maji yenye umbo la fuwele ndani ya diski hiyo, kupitia alama zake karibu na mikromita 3. Sehemu ya nje ina barafu nyingi zaidi, zaidi ya asilimia 20 ya vumbi, na hupungua kadiri unavyokaribia nyota hadi kuwa karibu hakuna. Nyota hii ina joto na uzito zaidi kidogo kuliko Jua, hivyo haifai sana kama mfano wa Jua letu lilipokuwa changa. Kuchakata spektra za Webb zenye mwanga mkali wa nyota pembeni pia si kazi ya kuanzia.

Epsilon Eridani huwavutia wengi kwa ukaribu wake. Iko katika kundinyota la Nahari, unaiona kwa macho. Ukaribu huo ndio adha yake: pete yake ina kipenyo cha sekunde zaidi ya 40 angani, wakati uwanja wa antena za ALMA za mita 12 katika mawimbi ya milimita 1.3 ni sekunde 26 hivi. Picha ya ALMA ya 2017 ilionyesha tao la kaskazini tu kwa sababu hiyo. Mng'ao mdogo uliosambaa eneo kubwa huzama katika kelele, na nyota yenyewe hung'aa kwa mawimbi ya redio zaidi ya inavyotarajiwa kwa joto la uso wake. Umri wake nao si wa kitoto.

Hesabu mbili za kuanzia, na zinapoharibika

Joto kwanza. Kusanya vipimo vya mwangaza kuanzia mwanga wa kawaida hadi milimita, weka modeli ya nyota, toa, na kilichobaki kiwekee mkunjo wa kitu cheusi, yaani kitu cha kinadharia ambacho mionzi yake hutegemea joto lake tu. HD 107146 hutoa karibu kelvini 50, ambayo kilele chake kiko karibu na mikromita 58. Kipimo cha darubini ya angani ya WISE cha mikromita 22 kinagusa mkia tu, kwa hiyo usikitegemee peke yake. Ziada iliyo chini ya asilimia 10 pale inaweza kuwa kosa la modeli ya nyota. Sasa geuza joto kuwa umbali: (278 ÷ 50) kipeo cha 2 ni vizio 31. Picha inasema 40 hadi 140. Hujakosea hesabu. Chembe ndogo haziwezi kutoa joto vizuri kwa mawimbi marefu kuliko ukubwa wao, hivyo zina joto zaidi ya kitu cheusi kilicho umbali uleule, na umbali unaopatikana huwa mfupi mno. Tofauti hii yenyewe ni kipimo cha ukubwa wa chembe.

Kisha uzito. Uzito ni mng'ao × umbali kipeo cha 2, ukigawanywa kwa kipimo cha unyonyaji wa vumbi (linavyonyonya na kutoa mionzi kwa kila kilo) na mng'ao wa kitu cheusi kwa joto hilo. Kwa mikromita 850, HD 107146 hutoa takriban milijansky 20 (kizio cha mng'ao wa redio). Ukitumia unyonyaji wa kawaida wa mita za mraba 0.17 kwa kilo na kelvini 50, utapata kilo 5.3 × 10²³, takriban mara 7 ya uzito wa Mwezi wetu. Shusha joto hadi kelvini 30 na uzito unakaribia mara 2. Unyonyaji wenyewe hauaminiki kwa usahihi zaidi ya mara 2 au 3, kwa hiyo usiandike tarakimu nne. Na huo ni uzito wa vumbi na changarawe ndogo tu. Miamba inayogongana kulizalisha haimo.

Kupakua

Hifadhi ya ALMA na ile ya Hubble na Webb ziko wazi kwa yeyote. Data mpya kwa kawaida hufungwa kwa muda usiozidi miezi 12 kwa ajili ya walioziomba, kisha huachiliwa. Kwa mwenye kifurushi cha intaneti cha kuhesabia, tofauti ni kubwa: picha iliyokwisha tengenezwa katika faili la FITS (muundo wa faili za data za anga) mara nyingi ni megabaiti chache, lakini data ghafi za ALMA za nyota moja zinaweza kuzidi gigabaiti makumi. Anza na FITS. Kwa HD 107146 picha hiyo na lugha ya programu ya Python yenye kifurushi cha astropy zinatosha kuchora grafu ya duara na kuliona pengo. Ukihitaji data ghafi, programu ya kuzichakata ni CASA, nayo huendeshwa kwa Linux na macOS. Mwenye Windows ataweka Linux ndani yake kwanza. Baada ya kusahihisha, kama hutafuti gesi, punguza idadi ya chaneli (vipande vya masafa) kwa wastani kabla ya kunakili faili popote. Diski hizi hazihitaji chaneli maelfu, na faili litapungua mara nyingi.

Usipime mng'ao wa jumla kwenye picha ambayo bado haijarekebishwa kwa uwanja wa antena, kwa kuwa antena huona kingo za uwanja wake hafifu kuliko katikati. Hifadhi huweka aina zote mbili pamoja, majina yake yanatofautiana kwa herufi chache, na ile isiyorekebishwa ndiyo inayoonekana safi zaidi.